Kinanda cha Umeme na Sauti ya Kati

Kodi, yaani sauti zipigwazo pamoja, kwa kawaida huwa na sauti tatu: do, mi, sol. Mi ikishushwa nusu hatua, uchangamfu hugeuka huzuni. Sauti ya kati ndiyo huamua. Lakini katika Rasti, mpango wa sauti wa Kiarabu uliopokewa na taarabu ya Unguja, sauti hiyo hukaa baina ya hizo mbili. Udi na fidla huifikia. Kinanda cha kawaida, kiigawacho oktava sehemu 12 sawa, hakina kibao chake. Mpigaji akishindilia kodi kamili, mwimbaji huiacha Rasti au hugongana na ala. Lawama si ya chombo, bali ya mkono usiojua kunyamaza. Na apige do na sol. Ya kati amwachie mwimbaji.