Simu Isiyopokelewa: Namna ya Kupima Mfumo wa Simu wa Biashara Ndogo

Katika maduka mengi ya Nkubu nambari ya simu hupakwa rangi ukutani, ikiandamana na nambari ya till ya M-Pesa. Mara nyingi huwa mbili au tatu: ya mwenye duka, ya mkewe, na ya kijana anayeuza. Mji huu ulioko kusini mwa Meru, kwenye barabara kuu ya Embu, huhudumia Imenti Kusini yote: wakulima wa chai wa Kionyo, wa ndizi wa Mitunguu, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wagonjwa wanaokuja hospitali ya Consolata. Mkulima hapotezi nauli kabla ya kujua kama dawa ya mifugo ipo. Hupiga simu kwanza. Nambari ya kwanza iko "mteja hapatikani", ya pili inaita tu, na ya tatu inapokelewa na mtu aliyeacha kazi pale mwaka jana. Mkulima hupigia duka la jirani, na mwenye agrovet, duka la pembejeo na dawa za mifugo, hajui kamwe kwamba amepoteza mauzo.

Huo ndio ugonjwa ambao mfumo wa simu wa wingu unadai kuutibu. Zamani kampuni ilinunua sanduku la swichibodi na kuajiri mtu wa kukaa mbele yake. Siku hizi swichibodi ni programu iliyo kwenye seva ya mtoa huduma. Simu ikiingia kwa nambari moja, programu huamua iite wapi: kwenye simu ya mezani, kwenye kompyuta, au kwenye simu ya mkononi ya mhudumu aliyetoka kupeleka mzigo. Chimbuko la teknolojia hii liko katika shida ya biashara ndogo yenyewe. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama nchini Marekani aliyekuwa na kampuni changa ya kusaidia watumiaji wa Linux, alishindwa na bei ya swichibodi akaamua kuandika yake. Aliiita Asterisk na kuitoa bure, na mifumo mingi inayouzwa leo imejengwa juu ya kazi hiyo.

Muuzaji wa mfumo kwa kawaida huanza na orodha ndefu ya mambo ambayo programu yake inaweza kufanya. Mnunuzi anayejua kazi huanza kwingine kabisa. Huuliza: simu ambayo hakuna mtu aliyeipokea inaishia wapi? Jibu la swali hilo hutenganisha mfumo mzuri na mbovu upesi kuliko orodha yoyote.

Kabla ya hapo kuna suala la nambari ni ya nani. Laini ya kawaida husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na mtu huyo akiondoka huondoka na wateja wote waliomhifadhi kwenye simu zao. Nambari ya mfumo wa wingu husajiliwa kwa jina la biashara. Huenda ikaanza na 020 za Nairobi, 0709 za Safaricom au 0730 za Airtel. Mtoa huduma wa kuaminika huandika wazi katika mkataba kwamba nambari ni mali ya mteja, na hueleza utaratibu wa kuihamisha mkataba ukiisha. Kenya imeruhusu mtu kuhama mtandao na nambari yake ya mkononi tangu Aprili 2011, na muuzaji anayebabaika akiulizwa kuhusu uhamisho hastahili kuaminiwa. Nambari ya zamani nayo isitupwe. Ile iliyopakwa ukutani miaka kumi iliyopita ielekezwe kwenye mfumo mpya ili mteja asijifunze chochote kipya.

Baada ya hapo huja idadi ya laini, yaani simu ngapi zinaweza kuingia kwa wakati mmoja, na hapa wengi hukisia. Tuseme agrovet hupigiwa simu 20 katika saa yenye shughuli nyingi, kila moja ikichukua dakika 3. Hizo ni dakika 60 za mazungumzo ndani ya dakika 60. Kwa hesabu ya haraka, laini moja inatosha. Haitoshi hata kidogo, kwa sababu wateja hawapigi kwa zamu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za jambo hili mwaka 1909, na kanuni yake bado inatumika dunia nzima. Kwa duka letu, ukiwa na laini moja, nusu ya wapigaji watakuta inatumika. Ukiwa na mbili, atakayekosa ni mmoja kati ya watano. Tatu, mmoja kati ya 16. Nne, mmoja kati ya 65. Tofauti kati ya laini moja na tatu ni kubwa mno, na kati ya nne na kumi karibu haipo. Muuzaji anayeng'ang'ania kifurushi cha laini kumi kwa duka la watu watatu anajitafutia riziki yake, hatafuti ya mwenye duka.

Sasa turudi kwa simu isiyopokelewa. Nchini Kenya anayepiga ndiye anayelipa, na salio lake huanza kukatwa mara mashine inapopokea, hata kama hakuna binadamu aliyesema neno. Mifumo mingi iliyobuniwa kwa ajili ya ofisi za ng'ambo hupokea papo hapo kwa muziki na orodha ya kubonyeza: moja kwa mauzo, mbili kwa akaunti, tatu kwa huduma. Mkulima aliyekopa salio la Okoa Jahazi ili apige simu hiyo anasikiliza muziki kwa pesa yake mwenyewe. Mfumo uliopangwa vizuri kwa Nkubu huacha simu iite kwanza kwa wahudumu wote kwa sekunde 15 au 20. Muda huo haumgharimu mpigaji chochote. Asipopokelewa, mfumo huandika nambari yake, humtumia ujumbe mfupi wa kumwambia atapigiwa, na kumkumbusha mhudumu hadi ampigie.

Kuna mtihani mmoja rahisi ambamo mifumo mingi huanguka. Chukua kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, piga nambari ya duka, acha iite mara moja, kata. Wengi huwasiliana hivyo mashambani. Ni flashi, na maana yake ni "nipigie". Je, mfumo umeiona? Umeiandika kama simu iliyokosa kupokelewa, au umeipuuza kwa kuwa ilikuwa fupi mno? Mtoa huduma anayeweza kuonyesha flashi hiyo kwenye rekodi dakika moja baadaye anajua wateja wa mtaa huu. Biashara ikiwa na uwezo inaweza kuchukua nambari ya 0800, ambayo gharama yake hubebwa na biashara. Kwa maduka mengi, kupiga tena haraka hutosha.

Ikilazimu kuwa na sauti ya kukaribisha, iwe fupi na irekodiwe na mtu wa pale pale dukani, kwa Kiswahili na Kimeru. Mzee wa Kionyo akisikia salamu ya Kimeru, "Muga", hatakata simu akidhani amekosea nambari. Machaguo yasizidi mawili.

Sauti nayo hupimwa kwa sikio, na sikio hilo lisiwe la muuzaji. Simu za kawaida hupitisha masafa ya sauti kati ya hezi 300 na 3,400 pekee, na ndiyo maana herufi F na S hufanana mno kwenye simu. Mtu akikutajia nambari ya gari lililobeba mzigo wako, KDF na KDS zaweza kukupeleka kwa gari lisilo lako. Wauzaji husifu sauti ya hali ya juu, na kweli husikika vizuri kati ya vifaa viwili vya ofisi moja. Lakini simu ya mkulima ikivuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, mara nyingi hurudi kwenye upana ule ule wa zamani. Kwa hiyo jaribio la kweli hufanywa kutoka nje: mtu asimame Igoji au Mitunguu na kabambe yenye betri nusu, asome orodha ya dawa, vipimo na nambari za magari, na mwingine dukani aandike anachosikia. Kisha walinganishe. Wasikilize pia mwanzo wa kila sentensi: mifumo duni humeza silabi ya kwanza. Wakianza kuingiliana kila mara, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza, basi sauti inachelewa.

Uchelewaji una kipimo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata waya ungenyooka, na hautanyooka. Milisekunde 30 huliwa na umbali peke yake kabla ya vifaa vyovyote kuchukua zake, na sauti ikirudi Nkubu hulipa tena. Mkazi wa Nkubu akizungumza na mkazi wa Chogoria, kwa nini maneno yao yapitie Ujerumani? Swali la seva iko wapi ni la haki kabisa, na jibu zuri ni Nairobi, ambako mitandao ya Kenya hubadilishana data katika kituo cha KIXP bila kuvuka bahari.

Bahari yenyewe ina historia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kobe kote Afrika Mashariki. Duka ambalo swichibodi yake iko ng'ambo liliumia kwa kosa lililotokea maelfu ya kilomita mbali.

Kasi ya intaneti si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Mazungumzo ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, iliyo ya kawaida kabisa, hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu nne kwa pamoja hazifiki nusu megabiti. Kinachoharibu sauti ni msukosuko: kijana anapakua filamu kwenye Wi-Fi ile ile, na maneno ya mteja yanakatika vipande. Fundi mzuri huipa sauti kipaumbele kwenye ruta siku ya kwanza. Asipogusa ruta, hajamaliza kazi.

Stima ndiyo mtihani mkubwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na stima kupotea kwa muda mfupi ni jambo la kawaida. Jaribio lake ni moja: katikati ya mazungumzo, chomoa ruta. Mazungumzo yatakatika, hilo ni sawa. Kisha piga tena kutoka nje. Mfumo uliowekwa vizuri utatambua ndani ya sekunde chache kwamba duka halipo hewani na kuelekeza simu kwenye laini za mkononi za wahudumu, kwa sababu agizo hilo limehifadhiwa kwenye seva, mbali na ruta iliyozimika. Mfumo mbovu utampa mpigaji ukimya. Dakika za kuelekeza hulipiwa na biashara, nazo ziulizwe bei mapema.

Bei yenyewe isomwe pamoja na sarafu yake. Mikataba mingine huandikwa kwa dola, na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kushuka hadi karibu 130 mwaka huo huo. Biashara inayouza kwa shilingi ilipe kwa shilingi. Kampuni za nyumbani zipo za kutosha. Africa's Talking, kwa mfano, iliyoanza Nairobi mwaka 2010, huwapa waandishi wa programu njia ya kujenga huduma za sauti na ujumbe, na fundi kijana mwenye ujuzi anaweza kumtengenezea mwenye duka kile hasa anachohitaji.

Kurekodi mazungumzo hutolewa kama zawadi, lakini kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi pungufu ya 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, ila zahanati haipati msamaha huo hata ikiwa ndogo kiasi gani. Katika mji wenye kliniki nyingi kama Nkubu hilo lina uzito: sauti ya mgonjwa akieleza maradhi yake isikae kwenye seva ambayo kila mhudumu anaweza kuifungua. Na kwa usalama, simu za kwenda ng'ambo zifungwe tangu siku ya kwanza. Wezi wa mtandaoni hutafuta swichibodi zenye nywila dhaifu, wakapiga usiku kucha nchi za mbali, na bili ikamwangukia mwenye duka asubuhi.

Si kila biashara inahitaji haya yote. Msusi anayefanya kazi peke yake, au fundi wa pikipiki mwenye wateja anaowajua kwa majina, ana laini moja na mikono miwili. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018 na isiyolipiwa, humjibia mteja akiwa kazini, na hilo linatosha hadi atakapoajiri. Mwenye agrovet, kliniki au hadiwea ya watu watatu aombe mwezi mmoja wa majaribio kabla ya kutia sahihi, na mwezi huo uwe wa msimu wa mvua, Machi au Oktoba, wakati mbegu na mbolea zinaulizwa kutwa nzima. Mwishoni afungue rekodi ya simu zilizokosa kupokelewa na aangalie ni ngapi zilipigiwa tena ndani ya nusu saa.