Kaswida ni Kaswida, Aya ni Aya



Mkoani Kagera, kuanzia Bukoba mjini hadi Kagondo na vijiji vya Muleba, Waislamu wanaishi ukuta kwa ukuta na Wakatoliki na Walutheri. Jirani ana kwaya, ana kinanda, ana ngoma. Vijana wetu wanavisikia hivyo tangu utotoni, si ajabu basi kwamba baadhi ya kaswida za siku hizi zimevaa vazi hilo hilo: mdundo wa kinanda cha umeme, mahadhi ya bongo fleva, na hapa ndipo penye mas-ala, aya ya Qur'ani iliyochomekwa katikati ikafanywa kiitikio. Makala haya hayajadili hukumu ya Maulidi yenyewe, jambo ambalo limeandikwa mno. Tunaangalia sauti tu.

Hoja inayotolewa sana na vijana ni hii: mbona majirani wamefanya na dini yao haikuharibika? Ni kweli wamefanya. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ngoma na mahadhi ya Kiafrika vilifunguliwa mlango makanisani, na Padri Stephen Mbunga alikwisha andika kitabu kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Kagera aliyekuja kuwa mchungaji, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa mahadhi ya hapa hapa Tanzania, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Lakini ule ni utungo wa mwanadamu. Anayetaka kulinganisha, basi aulinganishe na kaswida. Akiulinganisha na aya amepima embe kwa kibaba cha chumvi.

Na katika kaswida sisi hatukuwa wakali kama wengine wanavyodhani. Barzanji, aliyoitunga Sayyid Ja'far wa Madina (aliyefariki 1177 H/1764), ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Mansab (1828–1922), na watu wakaisoma kwa mahadhi yao. Habib Swaleh wa Lamu alipoisimamisha Maulidi ya al-Habshi kwa dufu, walikuwepo waliompinga, na leo Riyadha inajulikana kwa dufu hizo. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) katika Minhaj anajuzisha dufu katika harusi na tohara, na pia katika furaha nyingine kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga. Hii ndiyo madhehebu ya Shafi tunayoifuata wengi wetu. Imamu huyo huyo, katika mlango huo huo, anaharamisha ala za nyuzi. Kwa hiyo enanga ya Wahaya, pamoja na utamu wake wote na historia iliyobeba, haiingii kwa mlango wa dufu. Kinanda cha umeme hakina uzi wala bomba, lakini kinatoa sauti ya vyote viwili, na mwandishi haoni vipi hukumu iliyofungamana na sauti iondoke kwa kubadilika mbao. Ibn Hazm (aliyefariki 456 H/1064) alizidhoofisha hadithi za kukataza ala, na anayemfuata ana salafu. Ila amfuate kwa ujuzi, asimkumbuke siku ya harusi tu.

Aya ni jambo jingine kabisa. Hakuna anayekataa sauti nzuri: Mtume (s.a.w.) aliisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari kwa kuifananisha na zumari za watu wa Daudi. Khitilafu ya wanazuoni ni juu ya lahani, na Imamu Mawardi (aliyefariki 450 H/1058) akaikata vizuri, Nawawi akainakili katika Tibyan: lahani isipolibadili tamko, inafaa, ikilibadili, kwa kuongeza irabu, kuipunguza, kurefusha kifupi au kufupisha kirefu, ni haramu, msomaji ni fasiki na msikilizaji anapata dhambi. Msikilizaji pia! Waandaaji wa harusi walisome hilo mara mbili.

Sasa mtu atazame kinachotokea mdundo unapotangulia. Mdundo una hesabu yake na tajwidi ina yake. Maddi ya kawaida ni harakati mbili, maddi lazimu ni sita, na mpigaji kinanda hajui lolote kati ya hayo. Atavuta penye moja na kukata penye sita ili kiitikio kiangukie mahali pake. Anayesema Kihaya haitaji kufundishwa kwamba urefu wa irabu hubadili neno, kwani lugha yake iko hivyo. Mafaqihi wanatoa mfano wa takbira: ukivuta "akbar" ikawa "akbaar" umetoka kwenye "mkubwa zaidi" ukaingia kwenye wingi wa neno lenye maana ya ngoma, na sala haikufunga. Mtoto aliyeizoea takbira kwa mdundo wa kaswida atakwenda nayo hivyo hivyo msikitini.

Imamu Ghazali (aliyefariki 505 H/1111), ambaye hakuwa adui wa samai, alilisema hili katika Ihya: shairi huvutwa na kukatwa ili lifuate mahadhi na hutiwa nguvu kwa dufu, ama Qur'ani haivutwi hivyo, na ni wajibu kuikinga na kuchanganywa na ala.

Wapo wanaoitaja kesi ya mwimbaji Marcel Khalife wa Lebanon, aliyeshitakiwa kwa kuimba shairi la Mahmoud Darwish lenye sehemu ya aya ya Surat Yusuf, akaachiliwa na mahakama ya Beirut mwaka 1999. Mahakama ile iliamua kama kuna jinai katika sheria ya nchi. Haikuulizwa kuhusu tajwidi. Mshairi kuazima tamko la Qur'ani ni mas-ala ya iktibasi, ambayo Suyuti na wengine wameipa nafasi kwa masharti. Kuliimba kwa ala ni mas-ala ya pili.

Walimu wa madrasa za Kagondo na kwingineko, mtoto akileta kaswida ya Kihaya kwa mahadhi ya kwao, mwacheni aisome na dufu lake. Akifika kwenye aya, dufu linyamaze, naye aisome kama alivyoisoma mbele ya mwalimu, kisha aendelee.