Mali ya Abdulla: Jina la Mtu Lilivyokaa Kitambaani

Kunjua leso ya Mombasa mezani, ivute pembe zote nne mpaka inyooke. Jicho litakwenda kwanza kwenye rangi, kisha kwenye maua au korosho zilizotapakaa katikati, kisha litashuka kwenye kisanduku cha maneno. Wengi huishia hapo. Sogea dirishani uangalie tena. Kuna maandishi mengine, madogo, yasiyotaka makuu: K.H.E. – MALI YA ABDULLA.

Leso niliyonayo hapa ilikuwa ya mama yangu mkubwa. Wekundu wake umefifia ukawa kama wa tofali. Upindo alioukunga mwenyewe kwa mkono umeachia mahali pawili. Maneno yake, WEMA HAUOZI, yamepoteza herufi moja pale kitambaa kilipokunjwa miaka nenda miaka rudi. Yale maandishi madogo bado yanasomeka. Kila mtu anayetaka kujenga jina lake mwenyewe katika kazi, awe anauza sabuni, anapiga picha au anaandika makala, ana la kujifunza katika mstari huo mfupi. Tuufumue kama fundi anavyofumua mshono, tuone ulivyoshonwa.

Tuanze na hali ya soko. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizochapwa, zikiwa bado hazijatenganishwa, wakaunga vipande sita kuwa nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Mitambo ya kuchapa ilikuwa ng'ambo, Ulaya na India, na baadaye Japani pia. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887, iliingia katika biashara hiyo. Ugumu wake uko wazi: nguo ikitoka kiwandani ng'ambo, jirani wa duka la pili naye anaweza kuagiza ya namna hiyo hiyo. Rangi huigwa, na maua huigwa. Anayetaka mteja apite maduka mengine yote na kuja kwake lazima awe na kitu ambacho jirani hawezi kukiagiza.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchagua jina. Kaderdina Hajee Essak ni jina la cheti na hati za forodha, na ni refu mdomoni mwa mteja. Mtaani mwenyewe alijulikana kwa jina la Abdulla. Basi kitambaani jina la kampuni likafupishwa kuwa herufi tatu, na lile la mtaani likaandikwa zima. Kisha likatanguliwa na maneno mawili ambayo hayakuhitaji kufundishwa kwa yeyote: mali ya. Ukiona "mali ya fulani" juu ya gunia au sanduku, unajua lina mwenyewe, na ukiwa na neno la kusema unajua umwendee nani. Hapo ndipo nguvu ya mstari ule ilipo. Haujisifu kuwa nguo ni bora kuliko zote, wala hauahidi chochote. Unasema tu kwamba nguo hii ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Kwa mnunuzi asiyejua kiwanda kiko wapi, hiyo ni dhamana nzito kuliko sifa.

Hatua ya pili ilikuwa mahali pa kuliweka. Alama ingeweza kubandikwa kwenye karatasi ya kufungia mzigo, na karatasi ingetupwa siku hiyo hiyo. Ilipochapwa ndani ya nguo yenyewe, ikafuata nguo kila iendako: jikoni, arusini, kwenye uzazi, msibani, na mwisho kwenye mkoba wa binti aliyeirithi. Nayo ikawekwa kwa adabu. Maandishi yake ni madogo kuliko ya msemo, kwa sababu mwanamke hununua leso aseme lake, hajifungi tangazo la duka. Mwenye mali alijua kujisogeza pembeni ampishe mteja, na kwa hilo mteja akakubali kumbeba maisha yake yote.

Hatua ya tatu ndiyo iliyobeba kazi nzima: kujua kipi kibadilike na kipi kisiguswe. Kanga, ambayo Mombasa huitwa leso, ina sehemu tatu. Pindo huzunguka pande nne, mji hukaa katikati, na jina, yaani msemo, hukaa ndani ya mji upande wa chini. Nguo huuzwa mbili mbili, doti moja, na mnunuzi huikata na kuikunga mwenyewe. Ndani ya umbo hilo lisilobadilika, kila kitu kingine huruhusiwa kubadilika. Rangi hugeuka, maua hugeuka, msemo hugeuka, maana wanawake wanataka mpya na duka lisilo na mpya hufungwa. Lakini mstari wa mwenye mali ulirudi vile vile, mara nyingi ukiwa na namba ya mchoro pembeni yake. Leo sokoni kuna leso za miaka tofauti zisizofanana hata kidogo kwa rangi, na bado ukiziweka pamoja utajua zimetoka nyumba moja. Jina hukua hivyo. Hulishwa na vitu vipya, na hushikwa na kimoja kisichohama.

Hatua ya nne ilikuwa sauti. Abdulla hutajwa kuwa mmoja wa walioanzisha, mwanzoni mwa karne ya 20, mtindo wa kuandika misemo ya Kiswahili kwenye kanga. Tafakari uamuzi huo kibiashara. Kabla ya hapo nguo ilichaguliwa kwa macho. Baada ya hapo ikawa na neno, na kwa neno hilo watu wakaitambua na kuiagiza. Leso yenye WEMA HAUOZI ni zawadi kwa jirani aliyekusitiri, na hakuna anayehitaji kueleza zaidi. Misemo haikuwa mali ya duka. Ilikuwa ya watu, imetoka vinywani mwao, ikarudishwa kwao ikiwa imechapwa vizuri. Mfanyabiashara aliyesikiliza namna wateja wake wanavyosemezana, kisha akawapa mahali pa kusemea, alijenga uhusiano ambao punguzo la bei haliwezi kuuvunja.

Na sauti hiyo haikugoma kubadili vazi. Maandishi ya kanga za mwanzo yalikuwa ya herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo wasomaji wa pwani walizozijua. Shule zilipoleta herufi za Kilatini na wasomaji wakahamia huko, kanga nazo zikahama. Kiswahili kilibaki kile kile, hati ikageuka. Anayejenga jina aelewe tofauti hiyo. Chombo cha kuwafikia watu hubadilika, na anayekiganda huachwa, lakini lugha yako na watu wako ukiibadili kila msimu hakuna atakayekutambua ukirudi.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wa ushauri wa majina na nembo hulipita haraka. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo ambayo ingesimama kama nguo ingechuja. Mnunuzi wa leso ni hakimu mkali. Huishika kwa vidole viwili kupima uzito wa pamba, huitazama upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya, na baada ya kuifua mara ya kwanza hutoa hukumu ambayo mtaa mzima utaisikia. Nguo mbaya isiyo na jina husahaulika. Nguo mbaya yenye jina huwa ushahidi, umeandikwa kwa wino na mwenyewe. Ndiyo maana kuandika "mali ya" ni ujasiri: unajifunga wewe kabla ya kumfunga mteja.

Turudi kwa mtu wa leo anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Namwona akianza na nembo, akilipia rangi tatu na mwandiko wa mapambo, kisha baada ya miezi michache anabadili vyote kwa sababu amechoka kuviangalia. Ninamsihi aanze kwingine. Jiulize watu wanakuitaje wakiwa hawakuandikii barua rasmi, na uangalie kama jina hilo ndilo ulilojiandikia. Chukua kazi zako kumi, ufunike jina, umpe mtu anayekufuata umuulize kama angejua ni zako. Akishindwa, hujapata bado pindo lako, na nembo haitakupa. Tafuta mambo mawili matatu ambayo hutayagusa: namna unavyofungua habari, siku unayotoa kazi, jambo usilokubali kulifanya hata ukilipwa. Mengine yote yaache yachangamke kama maua ya mjini.

Kisha weka jina lako mahali ambapo aibu ya kazi mbaya itakufikia. Leso ya mama yangu mkubwa imefuliwa mara zisizohesabika, na aliyeiuza hakuwahi kumjua. Mstari wake bado uko pale, na unasomeka.