Seva Moja kwa Wilaya 112: Takwimu za Masafu Zinavyofika Kampala

Kila mwezi unapoisha, makarani wa takwimu katika Hospitali ya Masafu, wilayani Busia upande wa Uganda, hufungua madaftari ya wagonjwa wa nje na kuanza kuhesabu. Waliougua malaria ni wangapi, wangapi kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano, waliopimwa ni wangapi, waliopewa dawa ni wangapi. Hesabu hizo hujazwa kwenye fomu ya Wizara ya Afya iitwayo HMIS 105, yenye mamia ya visanduku. Zamani fomu ilisafiri ikiwa karatasi mpaka ofisi ya wilaya, na kutoka hapo ikaanza safari nyingine ya kwenda Kampala.

Nyingi hazikufika. Katika mwaka wa fedha wa 2011/12, Uganda ilipokea asilimia 36.3 tu ya taarifa za wagonjwa wa nje zilizotarajiwa kutoka vituo vyake. Mwaka uliofuata kiwango kilipanda hadi asilimia 85.3, na taarifa zilizowahi tarehe ya mwisho zikatoka asilimia 22.4 hadi 77.6. Kati ya miaka hiyo miwili ulienea mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya uitwao DHIS2, ulioanza kutumika nchini humo Januari 2011 na kufika wilaya zote 112 za wakati huo ilipofika Julai 2012. Programu yenyewe hutengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na haitozwi ada ya leseni.

Programu ndiyo iliyopata sifa. Mafunzo ya watumishi nayo yalifanya kazi kubwa, na hilo halina ubishi. Lakini upo uamuzi mwingine ambao mwananchi wa kawaida hakuuona, nao kwangu ndio uliobeba mzigo mzito kuliko yote: data za nchi nzima zikae kwenye seva moja, na si kwenye kompyuta ya kila wilaya.

Jirani ndiye aliyepita njia hiyo kwanza. Wataalamu wa Kenya walipoanza na DHIS2, mpango wao ulikuwa kuisimika wilaya kwa wilaya, kila kompyuta na hifadhidata yake, kisha data zichukuliwe na kuunganishwa ngazi ya juu. Afrika Kusini ilikuwa imefanya hivyo miaka ya 1990 kwa toleo la kwanza la DHIS, lililojengwa juu ya Microsoft Access. Aliyewahi kutunza kompyuta za ofisi za wilaya anajua maana yake. Kila toleo jipya la programu lazima lisafirishwe kwa gari, virusi vinahama na flashi, na siku diski inapokufa, taarifa za miezi zinakufa nayo.

Walipofanya majaribio Mkoa wa Pwani, wataalamu hao waligundua kwamba modemu za kampuni za simu zilishika intaneti vizuri kuliko walivyotarajia. Haikuwa bahati. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilikuwa imetua Mombasa mwaka 2009, na bei ya intaneti ilikuwa imeanza kushuka. Mpango wa kompyuta za wilaya ukawekwa kando, nchi nzima ikaelekezwa kwenye seva moja, na kufikia Septemba 2011 kazi ya kuusambaza mfumo ilikuwa imekamilika. Intaneti ya majengo ya wizara haikutosha kuhudumia wilaya zote kwa pamoja, kwa hiyo nafasi ya seva ikakodiwa kwa kampuni ya kibiashara.

Kuna kipengele kimoja cha kiufundi ambacho bila hicho mpango huu ungeporomoka vijijini. Fomu ya kujazia ilitengenezwa iweze kuhifadhi tarakimu ndani ya kivinjari chenyewe. Mtandao ukikatika, karani anaendelea kujaza. Ukirudi, anabonyeza mara moja na tarakimu zinapanda. Seva moja ya mbali ikawezekana kwa sababu haikulazimika kupatikana kila dakika.

Sasa tuitazame seva yenyewe, maana hapa ndipo wengi huuziwa wasichokihitaji.

Seva ni kompyuta isiyozimwa, inayosubiri maombi kutoka mtandaoni na kuyajibu. Anayetaka kuweka tovuti au mfumo wake ana njia tatu za kawaida. Anaweza kukodi sehemu ya mashine inayotumiwa na mamia ya wateja wengine, wote wakigawana prosesa moja na kumbukumbu moja. Anaweza kukodi seva pepe, yaani mashine kubwa iliyogawanywa kwa programu katika vipande, kila kipande na mfumo wake na kiasi chake cha kumbukumbu kilichotengwa. Au anakodi seva ya peke yake: chuma kizima, prosesa zote, diski zote, hakuna mpangaji mwingine ndani. Njia ya kwanza hugharimu dola chache kwa mwezi, ya tatu makumi hadi mamia ya dola.

Tovuti ya shule ya sekondari ya Tororo, wilaya jirani, yenye kurasa kumi na picha za mahafali inaishi salama katika njia ya kwanza. DHIS2 haiwezi kuishi humo kabisa. Imeandikwa kwa Java, na programu ya Java hukaa ndani ya kumbukumbu saa zote, ikimega gigabaiti kadhaa hata pasipo mtu anayeitumia. Nyuma yake ipo hifadhidata ya PostgreSQL inayotaka sehemu yake pia. Mwenye mashine ya pamoja huizima programu ya aina hiyo ndani ya dakika chache, na hana kosa, kwa kuwa inawanyima wengine kumbukumbu.

Ila uzito wa mfumo huu hauko mahali ambapo watu hudhani. Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme vituo 5,000 kila kimoja kinatuma tarakimu 500 kwa mwezi. Hizo ni tarakimu milioni 2.5, na kila moja ikibeba baiti arobaini pamoja na maelezo yake, jumla ni megabaiti 100. Mwezi mzima wa takwimu za taifa unaenea kwenye flashi ya bei ya chini kabisa sokoni Busia. Kwa hiyo muuzaji anayekusifia ukubwa wa diski anakujibu swali ambalo hukuuliza.

Uzito uko kwenye mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Taarifa hudaiwa kuelekea katikati ya mwezi, na makarani wa nchi nzima huingia kwa pamoja siku zile chache za mwisho, kisha mashine hulala nusu-usingizi hadi mwezi ujao. La pili ni maswali. Ofisa anapotaka kulinganisha malaria ya Busia na ya Tororo kwa miaka mitano, seva haiwezi kupekua mamilioni ya mistari kila anapobonyeza. Ndiyo maana usiku DHIS2 hujenga upya majedwali maalumu yaliyokwisha kujumlishwa tayari kwa kusomwa mchana. Kazi hiyo ya usiku huitumikisha diski na prosesa kwa nguvu zote. Kwenye seva pepe, ikiwa mpangaji wa jirani naye ana kazi nzito saa hizo hizo, majedwali huweza kuchelewa hadi asubuhi, na ofisa akaona takwimu za juzi. Kwenye seva ya peke yake hakuna wa kugombania naye diski. Hiyo ndiyo faida halisi ya kulipia chuma kizima: muda unaotabirika.

Upande wa pili wa sarafu wauzaji huutaja kwa sauti ndogo. Seva pepe ikipata hitilafu ya chuma, mwenye mitambo anaweza kuihamishia mashine nyingine, pengine bila wewe kujua. Chuma chako kikifa, kimekufa. Unasubiri fundi abadilishe kipuri. Ndiyo sababu seva hizi huwekewa diski mbili au zaidi zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja. Na hata hilo halitoshi: ukifuta jedwali kwa makosa, limefutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Kisha kuna njia ya kuifikia seva. Masafu haiko mbali na mji wa mpakani wa Busia, na intaneti ya Uganda kwa sehemu kubwa huingia nchini ikitokea Mombasa kupitia mipaka hii yetu ya Busia na Malaba. Zamani, kabla ya mikongo, ombi lilipanda setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu na kushuka, na kwenda na kurudi kulizidi nusu sekunde. Hata barua pepe ya mtaa kwa mtaa mjini Kampala iliweza kuzunguka ng'ambo kwanza, hadi kituo cha kubadilishana mawasiliano cha UIXP kilipoanzishwa mwaka 2001, Nairobi ikiwa na chake, KIXP. Leo ombi la Masafu kwa seva ya Ulaya hutumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Karani hataliona hilo. Atakachokiona ni mkongo kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwa bara letu, na intaneti ikadorora Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Siku kama hiyo, seva iliyoko Kampala na iliyounganishwa na UIXP inafikika, ya Ulaya inasuasua. Kampala sasa ina mahali pa kuiweka: kituo cha data cha Raxio kilifunguliwa Namanve mwaka 2021, na Nairobi imekuwa na kituo cha aina hiyo tangu 2013.

Lakini kuileta seva nyumbani pekee si kinga. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulielemewa na mafuriko ya maombi ya hila yaliyotumwa makusudi, na huduma za serikali zikasimama au kuyumba kwa siku kadhaa. Shambulio la namna hiyo halijali kama mashine ni yako peke yako, kwa sababu hujaza mlango kabla ya kuigusa mashine. Na Machi 10, 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliteketea kwa moto Strasbourg, Ufaransa. Tovuti zaidi ya milioni 3 zilitoweka mtandaoni. Wateja waliokuwa na seva za peke yao, wakalipa vizuri, na nakala zao za akiba zikawa katika eneo lile lile, walipoteza kila kitu.

Fomu ya HMIS 105 ina idadi tu, haina majina. Ikivuja, aibu ni ya serikali. Lakini mifumo inayofuata, ile ya kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja wa kifua kikuu, wa virusi vya UKIMWI, au mama mjamzito, hubeba jina, kijiji na namba ya simu. Kenya na Uganda zote mbili zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na ile ya Uganda inataka data ikihifadhiwa nje ya nchi iwe mahali penye ulinzi unaolingana na wa sheria hiyo, au mwenye data awe ameridhia. Hapa ndipo mimi ningelipia chuma kizima bila kusita, ndani ya nchi, funguo zikiwa mikononi mwa watumishi wanaojulikana kwa majina. Kwa takwimu za jumla, seva pepe nzuri inatosha.

Ombi langu ni kwa maofisa wa afya wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na wa Tororo, na kwa madiwani wanaopitisha bajeti zao. Mkandarasi akileta mchoro wa seva mpya, msianze na bei wala ukubwa wa diski. Mwambieni achukue nakala ya akiba ya wiki iliyopita, kutoka jengo lingine, aiweke kwenye mashine tupu mbele yenu, na afungue taarifa ya Masafu ya mwezi uliopita. Akishindwa, msitie saini.