Sanamu ya Askari na Deni la Urafiki

Msomaji, ukifika Nairobi, simama katika barabara ya Kenyatta uitazame sanamu ya shaba iliyowekwa pale miaka ya 1920. Watu watatu wamesimama juu ya jiwe, ukumbusho wa Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918. Mmoja wao ni mpagazi. Fundi wa sanamu hii anastahili sifa. Mpagazi ni mtu ambaye vitabu vya vita humpita bila salamu, lakini hapa amesimamishwa sawa na wenye bunduki, na maandishi yaliyo chini yake huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Neno hilo ni la haki. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, hivyo chakula na risasi vilisafiri juu ya vichwa vya watu.

Walakini kazi ya mhakiki haiishi katika kusifu mkono wa fundi. Hana budi kuuliza pia kama kazi ile inasema kweli. Maandishi husema kwamba watu hawa walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao, na maneno ya mwisho ya Kiingereza, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, huwaahidi kwamba wana wao hawatayasahau majina yao. Hapa ndipo penye kasoro.

Tuupime usemi huo kwa mizani ya Kisii. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, Waingereza waliwapiga Wagusii, wakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Miaka sita baadaye, Septemba 1914, Wajerumani waliingia katika mji wa Kisii. Waingereza waliuacha mji, kisha wakarudi wakapigana, na Wajerumani wakaondoka. Katika siku zile mji ulipokosa mwenyewe, baadhi ya Wagusii walitwaa mali ya serikali na ya misheni. Serikali iliporudi iliwaadhibu vikali, ikawanyang'anya mifugo. Baadaye katika nchi ile ile, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, vijana walitwaliwa wakachukue mizigo. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kulazimisha watu, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alisimamia mkusanyo mkubwa wa wapagazi.

Je, huyo ni mshirika? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini aliyefungwa kamba hakufai kwa urafiki. Hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi. Mishahara ya wengi wao haikufika kwa warithi, na baada ya vita serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa fedha hiyo kwa faida ya watu wao. Na yale majina yaliyoahidiwa ukumbusho hayakuandikwa juu ya jiwe, hata moja.

Usidhani nasema kwamba taifa halina wajibu kwa mwenzake aliye vitani. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, mataifa yaliyokuwa yameahidi kulindana katika Shirikisho la Mataifa yaliitazama ikianguka, na aibu ile haijafutika. Mwaka 1941 askari wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa walioikomboa. Wao pia walitumwa na watawala, lakini jambo waliloliendea lilikuwa la haki, na kila Mwafrika aweza kulitaja bila kuinamisha kichwa.

Basi wajibu huo una nguzo tatu: haki ya jambo linalopiganiwa, hiari ya anayesaidia, na uaminifu wa anayesaidiwa. Katika Kisii ya 1914 nguzo ya pili haikuwapo, na ya tatu ilivunjwa. Sanamu imezificha habari hizo nyuma ya shaba nzuri.

Siombi ivunjwe. Sanamu isiyosema kweli yote yaweza kufundisha, mradi mtazamaji ajue iliponyamaza. Nenda kwa wazee wa kwenu uulize ni nani aliyekwenda Kariakor na hakurudi. Andika jina lake. Ahadi iliyotolewa kwa Kiingereza juu ya jiwe la Nairobi huenda ikatimizwa na mkono wako.