Nguo za Rangi Katika Hadithi ya Kununuliwa Kilwa

Mwanamke wa Somanga anunuapo khanga haulizi yadi, huuliza doti. Kijiji hicho kiko pwani ya bara, kaskazini ya Kilwa Kivinje, na desturi hiyo si yake peke yake, bali ni ya pwani nzima. Neno doti lina asili ya Kihindi, dhoti, yaani nguo ambayo mwanamume wa huko hujifunga kiunoni. Lilipovuka bahari liliacha kuwa jina la vazi likawa kipimo: vipande viwili vya nguo vilivyo sawa. Badiliko hilo si dogo. Laonyesha ya kuwa kazi ya mikono ya Wahindi haikupokewa huku kuwa pambo la mwili tu. Ilipokewa kuwa kadiri ya thamani, kitu cha kupimia vitu vingine. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila isomwapo hadithi ya jinsi Kilwa Kisiwani ilivyonunuliwa.

Hadithi hiyo imetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni tarehe ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16, ambayo nakala yake iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 ilichapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Mreno João de Barros, uliotolewa mwaka 1552. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Zote zapatana katika neno moja: mgeni aliyekuja kwa jahazi alikipata kisiwa kwa nguo. Tarehe ya Kiarabu yaongeza ya kuwa mwenye kisiwa alitaka kizungushwe nguo za rangi pande zote.

Ni rahisi kulisoma sharti hilo kama mchezo wa msimulizi, na kulifananisha na hadithi ya Dido, malkia wa Carthage, aliyeomba ardhi ya kadiri ya ngozi moja ya ng'ombe, kisha akaikata ngozi nyuzi nyembamba akazungusha kilima kizima. Lakini mfano huo haulingani. Kwa Dido hila imo ndani ya bei yenyewe. Muuzaji hakujua alichokubali. Kwa Kilwa bei haina hila. Muuzaji ndiye aliyeitaja, nayo ni kubwa, ikalipwa yote. Hila yaja baadaye, mgeni alipochimba mkondo ili bahari isiweze kuvukwa kwa miguu wakati wa maji kupwa. Basi anayemdhania muuzaji kuwa mjinga aliyehadaika kwa vitambaa hakuisoma hadithi. Ameisoma dharau yake mwenyewe.

Neno la kuangaliwa zaidi ni "rangi". Kwa nini nguo za rangi, isiwe nguo tu? Jibu lapatikana kwa Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 16. Asema ya kuwa watu wa Sofala, bandari ambayo biashara yake ilikuwa zamani chini ya Kilwa, walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakujua kutia rangi. Kwa hiyo walichukua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay, katika nchi ya Gujarat, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma tena pamoja na uzi wao mweupe. Huko Gujarat mafundi walikuwa na elimu ya nili, na ya kushikiza rangi kwa shabu isitoke majini, na ya kupiga chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Vipande vya nguo zao vimeonekana katika mchanga mkavu wa Fustat, Misri. Hali ya hewa ya Kilwa haihifadhi nguo namna hiyo. Hapa ushahidi umebaki katika maneno.

Na maneno yana mpango wake. Yahusuyo kazi yenyewe ni ya Kibantu: kusokota, kufuma, mtande, mshindio. Lakini majina ya nguo za biashara yametoka nje: shiti ni chint ya Kihindi, na bafta ni neno la Kiajemi lenye maana ya kilichofumwa. Mgawanyo huu wakubaliana na ardhi, kwa kuwa Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Watu wa Kilwa, basi, hawakuwa uchi wakingoja kuvikwa. Walikuwa na uzi na kitanda cha mfumi. Walichokitaka ni rangi. Muuzaji wa kisiwa aliomba kile ambacho mikono ya kwao haikuweza kufanya.

Kwa upande wa usanifu, masimulizi ya Kiswahili yazidi yale ya Kiarabu. Kwa mwandishi wa Kiarabu muuzaji ni kafiri tu, hana jina. Kwa Mswahili ana jina, Mrimba. Ana binti aliyeolewa na mgeni, tena ni babu wa mtawala wa baadaye. Nguo zatandikwa chini, naye apita juu yake kwenda bara. Ni picha yenye heshima na huzuni pamoja: mzee akanyaga bei ya nchi yake, na kila hatua yamtoa katika nchi hiyo. Upungufu wake ni kwamba yanena habari za nguo bila kutaja nchi ilikofumwa, hata msomaji hudhani zilitoka Uajemi pamoja na mnunuzi.

Upungufu huo una madhara, kwa sababu hadithi ya bei haikuishia kisiwani. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ikiwa bandari kuu ya watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, kaniki ya India na merikani ya Salem ndizo zilizochukuliwa bara kununulia pembe na watu. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, kipimo hakikukoma. Mpaka leo khanga nyingi hupigwa chapa Jetpur, Gujarat, na Somanga huhesabiwa kwa doti. Mhakiki anayezisifu nguo hizi kwa uzuri wake peke yake ameona rangi, hakuona bei. Hadithi ya Mrimba yataka zionekane zote mbili.