Kutuma na Kuwasilisha: Uhakiki wa Maneno ya Fomu za Mtandao

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yanayotumika pale mwananchi anapojaza fomu katika ukurasa wa mtandao, na majibu yake yakapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza maombi ya watu wengi. Ni maneno mafupi, na pengine kwa sababu hiyo hayajajadiliwa kwa makini yanayostahili. Hata hivyo, haki ya mtu yaweza kupotea kwa kuyaelewa vibaya.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha sita, mkazi wa Igamba, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ambaye anaomba mkopo wa elimu ya juu. Zamani angejaza karatasi na kuipeleka posta. Siku hizi hujaza fomu ya Bodi ya Mikopo kwa njia ya mtandao, na cheti chake cha kuzaliwa hakina budi kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao nao una mfumo wake. Huenda nyumbani kwao husemwa Kinyiha, na Kiswahili cha ofisini amekipata shuleni. Basi kila neno hulichukua kwa maana aliyofundishwa. Fomu za namna hii, ziwe za mkopo, ajira au leseni, zinapoandikwa kwa Kiswahili, kitufe cha mwisho mara nyingi huitwa "Wasilisha".

Kuwasili ni kufika; kuwasilisha ni kufanya kitu kifike. Ofisini neno hili halina kasoro. Mwombaji anayewasilisha hati mezani kwa karani, au mbunge anayewasilisha hoja, hutoa na kufikisha kwa tendo moja, maana mpokeaji yuko mbele yake. Katika mtandao matendo hayo ni mawili. Kitufe kinapobonyezwa, kivinjari hukusanya majibu yote, kila jibu pamoja na jina la nafasi yake, kikayapeleka kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya fomu, ambayo msomaji kwa kawaida haioni. Seva nayo hurudisha jibu lenye namba: 200 huonyesha kwamba ombi limeshughulikiwa, namba zinazoanza na 4 huonyesha kasoro katika ombi, na zinazoanza na 5 kasoro katika seva yenyewe. Mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, mtumaji hawezi kujua kama fomu haikufika, au ilifika na jibu ndilo lililopotea njiani.

Hapo ndipo neno linapoleta hasara. Anayeamini kwamba amekwisha kuwasilisha huondoka, na siku ya mwisho ya maombi ikampita. Mwenye wasiwasi hubonyeza tena, na seva isiyotengenezwa kutambua marudio ikaandika maombi mawili ya mtu mmoja. Katika hali zote mbili kitufe kimeahidi jambo ambalo seva peke yake ndiyo iwezayo kulithibitisha.

Wako watakaosema kwamba "tuma" ni neno jepesi. Kwamba mtoto hutumwa dukani, bali kwa mkubwa na kwa serikali mtu huwasilisha. Hoja hii ina uzito wa adabu, lakini haina uzito wa maana. Barua hutumwa kwa waziri pasipo kumvunjia heshima. Tena wananchi wenyewe wamekwisha kutuonyesha njia. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, watu wamezoea kusema "tuma pesa", na hakuna anayedhani kwamba pesa zimefika mpaka aone ujumbe wa kuthibitisha. Lugha ya sokoni imetenganisha matendo ambayo lugha ya ofisi bado inayachanganya.

Neno la pili tunalolitilia shaka ni "seva ya nje". Watafsiri hulitumia pale fomu iliyo katika mfumo mmoja inapopeleka majibu kwenye seva ya mfumo mwingine. Lakini kwa Mtanzania, "nje" bila nyongeza mara nyingi ni nje ya nchi: mtu amekwenda nje, bidhaa zimetoka nje. Seva inayosemwa yaweza kuwa Dodoma, katika taasisi ya jirani. Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti mahsusi juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Mtumishi akisoma "seva ya nje" katika mkataba au mwongozo, atajuaje kama masharti hayo yanamhusu?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitufe kiandikwe "Tuma", na pale inapowezekana mpokeaji atajwe: "Tuma kwa Bodi ya Mikopo". Kumtaja mpokeaji kutamfaa zaidi mwananchi pale ambapo ukurasa ni wa taasisi moja na majibu yanakwenda kwa nyingine. Pili, neno "wasilisha" lisitupwe, bali lingoje zamu yake: baada ya seva kujibu, mwombaji asome "Ombi lako limewasilishwa", pamoja na tarehe na namba ya kumbukumbu. Jibu lisiporudi, asome "Hatujapata uthibitisho, angalia hali ya ombi lako kabla ya kutuma tena". Tatu, "seva ya nje" ibadilishwe kuwa "seva ya mfumo mwingine", na "seva iliyo nje ya nchi" itumike pale tu ambapo mpaka wa nchi umevukwa.

Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya kazini mwao na kutuletea maoni. Istilahi hupimwa kwa yule anayebaki nayo peke yake mbele ya kitufe, asiye na karani wa kumwuliza.